Sheria ya Pengo katika Nchi ya Usawiri

Mpakani mwa nchi ya Usawiri mgeni haulizwi jina wala atokako. Huulizwa picha yake ikitembea.

Kidawa Mngumi hakuyajua hayo. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Tanga, mchoraji, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kuwachorea madaktari picha za kutembea: moyo unavyosukuma damu, chanjo inavyoamsha kinga za mwili, mfupa uliovunjika unavyounga. Wizara ya Picha ya Usawiri ilikuwa imemwalika kwa heshima zote. Basi alipofika kwenye kibanda cha mpaka akatoa pasi yake, na ndani ya pasi mlikuwa na picha yake, uso, ushungi, na kovu dogo la kidevuni. Ofisa aliitazama kwa huruma.

"Hii haitembei, dada yangu."

"Mimi mwenyewe nimetembea mpaka hapa ulipo."

"Hilo nimeliona kwa macho yangu," ofisa akasema, "na macho yangu hayana mamlaka."

Kidawa hakubishana. Alitoa kijitabu cha karatasi tupu, akakaa juu ya mzigo wake, akachora ukurasa baada ya ukurasa mwanamke mwenye mkoba anayekaribia kibanda. Kisha akazipepesa kurasa kwa kidole gumba, na yule mwanamke wa wino akatembea, akafika, akasalimia. Ofisa alicheka kwa furaha. Akaomba aoneshwe tena. Halafu akagonga muhuri na kusema, "Karibu Usawiri. Sasa umefika."

Sheria ile ilikuwa imeanza kwa wema, kama zinavyoanza sheria nyingi. Hapo nyuma wataalamu wa Usawiri walikuwa wakiandika uvumbuzi wao kwa maneno magumu kama mawe, na watu wakifa kwa maradhi ambayo dawa yake ilikwisha kujulikana, ila kwenye vitabu visivyosomwa. Mtawala mmoja mwenye huruma akaamuru kila jambo jipya la tiba na sayansi lichorwe, litembezwe, lioneshwe kwenye vitambaa vyeupe katika kila mji, ili hata bibi asiyejua kusoma aone kwa macho yake kinachomwua mjukuu wake. Watu wakaona, wakaelewa, wakapona. Nchi nzima ikapenda picha. Miaka ikapita, mtawala akafa, na waliomfuata wakaigeuza sheria ndani nje, kama mtu anavyogeuza kanzu iliyochakaa. Zamani ilisema: kilichojulikana na kichorwe. Sasa ikawa inasema: kisichochorwa hakijulikani.

Mwenyeji wa Kidawa alikuwa Daktari Shekuwe, mtafiti mwembamba mwenye mvi za mapema, mtu aliyechelewa kujibu kila swali kwa sababu kwanza alijiuliza kama kweli analijua jibu. Katika nchi ile tabia hiyo ilihesabiwa kuwa ni aina ya kigugumizi.

"Mgeni njoo mwenyeji apone," alimkaribisha. "Nasi, Bi Kidawa, tuna haja hasa ya kupona."

Akampeleka kwanza hospitali kuu. Jengo lilikuwa safi, lenye kumbi za giza na viti laini. Mgonjwa alipofika alioneshwa picha ya ugonjwa wake ukishindwa: vidudu vikikimbia, jeraha likifunga, rangi ikirudi mashavuni, na muziki juu yake. Ugonjwa ulitakiwa uishe kabla ya wimbo. Mzee mmoja aliyevunjika mkono alikuwa anatoka ukumbini, mkono umening'inia vilevile, uso umemng'ara.

"Umeunga?" Kidawa akamuuliza.

"Umeunga vizuri sana, mwanangu. Nimeuona mwenyewe. Nimeambiwa nirudi wiki ijayo kuuona tena."

Daktari Shekuwe alieleza kwa sauti ya chini kwamba mifupa mingine hufungwa plasta pia, lakini plasta hufungwa mlango wa nyuma, kwa kuwa haina picha yake bado. Na mtu akija na ugonjwa usio na picha, huandikiwa kuwa ni mzima kwa mujibu wa sheria, akarudishwa nyumbani.

Siku iliyofuata Kidawa akakaribishwa kwenye Baraza la Picha, kusikiliza mjadala. Mkuu wake alikuwa Waziri, Mheshimiwa Zari, mtu mpole, mnene kiasi, aliyependa kila mtu aondoke mbele yake amefurahi. Baraza liligawanyika pande mbili tangu enzi za babu zao. Upande wa kulia ulishikilia kwamba kila kidudu cha maradhi kichorwe kina macho, kwani raia hawezi kumchukia adui asiye na uso. Upande wa kushoto ulishikilia kwamba kisichorwe na macho, kwani raia hawezi kumwogopa adui anayepepesa macho. Kulikuwa na ndoa zilizovunjika kwa suala hilo. Mwafaka uliopatikana zamani ulikuwa jicho moja, na tangu hapo wajumbe wa pande zote waliliita jicho lile aibu ya taifa.

Lakini kuhusu mengine waliafikiana. Damu ilikuwa ya waridi, kwa sababu nyekundu iliwatia watu wasiwasi wakati wa chakula. Moyo ulikuwa na umbo la moyo wa kwenye kadi za harusi, na madaktari wapasuaji walikuwa wamepewa onyo kwa kuendelea kukuta umbo jingine. Na juu ya yote palikuwa na Sheria ya Pengo, ambayo karani aliisoma kila asubuhi, wote wamesimama: *Picha itiririke kama maji. Pasiwe na mahali pa giza, pa weupe, wala pa kusita. Mwenye kuonesha pengo ameonesha kuwa serikali haijui.*

Kidawa aliyasikia hayo, akatabasamu kimoyomoyo. Mchoraji yeyote huchukia pengo. Mwendo unapokatika, mtazamaji anakumbuka kuwa anatazama karatasi. Ndani ya nafsi yake aliona kwamba katika mambo yote ya nchi ile, hilo moja lilikuwa na akili.

Kazi aliyoitiwa ilikuwa hii. Katika Bonde la Mto Mwanana, ambako mpunga wote wa nchi ulilimwa, watu walikuwa wakishikwa na ugonjwa walioupa jina la nyong'onyo. Mtu alianza kwa uchovu, akafuata mkojo wa damu, kisha tumbo likajaa na miguu ikawa kama fito. Wengine walikufa. Daktari Shekuwe alikuwa ameutafiti kwa muda mrefu, na amemwona kwa hadubini mnyoo mdogo kuliko chembe ya vumbi, majini, na mwingine wa kabila lake ndani ya damu ya wagonjwa. Lakini wachoraji wa serikali walikataa kuugusa utafiti ule. Walisema umekatika katikati.

Kidawa alikwenda kuishi bondeni ili achore anachokiona. Akapangishwa kwa Bi Mkasi, mjane mlima mpunga, mwenye sauti kubwa na mkono mwepesi wa kumwongezea mgeni chakula. Mwanawe, Chausiku, alikuwa msichana mkubwa aliyekwisha kuposwa. Asubuhi wanawake waliingia mashambani, maji ya magotini, wakapandikiza miche huku wakiimba, mmoja akianza na wengine wakiitikia, na Chausiku ndiye aliyekuwa mwanzishaji. Jioni alikaa karibu na Kidawa, miguu ina matope bado, akatazama anavyochora.

"Dada, unafanyaje mpaka kinakuwa hai?"

"Nakichora mara nyingi, kila mara nimekisogeza kidogo tu. Jicho lako ndilo linalokipa uhai."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwenye kudanganyika?"

"Unajikubalia mwenyewe kudanganyika," Kidawa akacheka. "Ndio utamu wake."

Alimchora mnyoo kama alivyomwona kwenye hadubini, mkia umegawanyika kama uma. Akauchora mto, akaichora damu na ini. Ikabaki sehemu moja. Akamwita Daktari Shekuwe mbele ya Baraza, maana kila hatua ilikaguliwa, na akamuuliza, "Hapa yumo majini. Na hapa yumo kwenye damu ya mtu. Katikati amepita wapi?"

Daktari akajiuliza kwanza, kwa desturi yake. "Sijui," akasema.

Ukumbi ulikohoa.

"Daktari anamaanisha kwamba hajakumbuka," Mheshimiwa Zari akaeleza kwa upole. Kisha akamgeukia Kidawa. "Wewe ni fundi, Bi Kidawa. Umechora miili ya watu maisha yako yote. Wewe unaonaje?"

Kidawa akafikiri kama mchoraji. Aliona kata ya kifuu ikichota maji, ikipanda mdomoni, midomo ikifunguka, mnyoo akiteleza na maji kooni. Ulikuwa mwendo mmoja mzuri usiokatika, tangu mtoni hadi tumboni. "Pengine mdomoni," akasema. "Ndivyo picha inavyotaka."

"Una la kupinga, Daktari?"

"Sina ushahidi wa kupinga, Mheshimiwa. Wala wa kukubali."

"Basi hakuna anayepinga," akasema Mheshimiwa Zari, na karani akaandika kuwa imekubaliwa.

Picha ile ilikuwa nzuri kuliko zote zilizowahi kuoneshwa Usawiri. Hata ofisa aliyeitwa Mpima Ulaini, ambaye kazi yake ilikuwa kufumba jicho moja na kutafuta mikwaruzo, alifuta chozi. Vitambaa vyeupe vilitundikwa kila mji. Watu walimwona mnyoo akipanda ndani ya kata, wakapiga ukelele, wakaenda nyumbani kuchemsha maji. Bondeni moshi wa kuni ulitanda tangu alfajiri. Kidawa alipopita njiani akina mama walimshika mikono. Bi Mkasi alimchinjia kuku.

Na kwa kuwa adui alipitia mdomoni, wakajifunza kufunga mdomo. Watoto walioga mtoni wamebana midomo. Vijana waliogelea wakipumulia pua. Wanawake walipandikiza mpunga kutwa nzima, maji ya magotini, kimya, kwani aliyefungua kinywa kuimba angeweza kurukiwa na tone. Mashamba ya Mwanana yakawa yanalimwa bila wimbo hata mmoja. Kidawa alipoukuta ukimya ule mara ya kwanza alisimama ukingoni akaungoja wimbo, kisha akajiambia kuwa afya ina gharama zake.

Msimu wa palizi ulipofika, Chausiku akaanza kuchelewa kuamka. Kwanza mama yake alimtania kuwa ni uvivu wa mwali. Baadaye hakumtania tena. Siku moja Kidawa akamkuta amelala kitandani mchana, uso umepauka, mkono juu ya tumbo lililoanza kuvimba.

"Nilichemsha, dada," Chausiku akasema kabla hajaulizwa. Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma Kidawa. "Muulize mama. Hata ya kusukutulia nilichemsha. Sijafungua mdomo shambani. Labda kuna siku nilisahau. Nafikiri, nafikiri, siikumbuki. Kwenye picha yako alipitia hapa." Akagusa midomo yake iliyokauka. "Sasa mimi nimekosea wapi?"

Binti yule alikuwa amelala na ugonjwa, na juu ya ugonjwa amebeba na kosa, anatafuta siku aliyoteleza, na siku hiyo haikuwapo.

"Hukukosea," akamwambia. "Nimekosea mimi. Sikujua alipopita, nikachora kama ninajua."

Bi Mkasi, aliyekuwa mlangoni na bakuli la uji, alisimama pale pale. Akamgeukia mgeni wake. "Mwanangu," akamwambia, kwa sauti ambayo Kidawa hakuwahi kuisikia kwake, ndogo, "mbona ulikuwa mwendo mzuri vile?"

Daktari Shekuwe alikuwa na dawa chungu iliyofaa ikiwahi, na akampa Chausiku kwa mlango wa nyuma. Alikwisha kuona mwenyewe kwamba waliochemsha maji walikuwa wanaugua sawasawa na wasiochemsha. Yeye na Kidawa wakaenda mbele ya Baraza.

"Picha ile si kweli," Kidawa akasema. "Naomba kuirekebisha."

"Sheria inaruhusu marekebisho," akajibu Mheshimiwa Zari, "iwapo yataongeza uzuri. Mnyoo sasa anapita wapi?"

"Bado hatujui," akasema Daktari. "Nashuku ngozi ya miguu. Sijathibitisha."

"Basi utachora nini?"

"Nitamchora majini," akasema Kidawa, "kisha nitaacha kitambaa kitupu, na Daktari aseme: hapa hatujui. Kisha nitamchora kwenye damu. Na tuwaambie watu, mpaka tutakapojua, chemsheni maji na mkinge miguu pia."

Kelele ziliinuka pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza tangu enzi za babu zao wenye macho na wasio na macho walipinga kwa sauti moja. Mjumbe mmoja mkongwe alisimama. "Raia akioneshwa pengo," akasema, "atalijaza kwa uongo wake mwenyewe!"

"Mimi nililijaza kwa uongo wangu," Kidawa akasema, "na mkanipigia makofi."

Mheshimiwa Zari hakukasirika. Alishuka kitini, akamshika Kidawa bega kama mjomba. "Binti yangu, watu wa bondeni wanalala usingizi kwa sababu ya picha yako. Ukiwaonesha kuwa hatujui, watalala vipi?"

"Mheshimiwa, wamelala tayari. Wengine hawaamki."

Waziri akaondoa mkono begani. Ombi likakataliwa.

Kidawa akachora hata hivyo. Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, maana mkono wake uliozoea kuunganisha ulikuwa unatoroka wenyewe kwenda kulijaza lile pengo, na mara kadhaa alilazimika kuuzuia. Walipomaliza, wakulima wa ng'ambo ya huku ya mto, alikokaa Bi Mkasi, wakaitwa kwenye ghala la mpunga, mchana, milango ikafungwa, madirisha yakazibwa kwa magunia. Mnyoo akaogelea mtoni. Halafu kitambaa kikawa cheupe. Kikakaa hivyo. Sauti ya Daktari Shekuwe ikasema gizani, "Hapa hatujui." Ikanyamaza. Weupe ukaendelea, na watu wakaanza kugeukiana wakitazamana nyuso kwenye ule mwanga.

Mtu mmoja akasema mashine imeharibika. Mwingine akasema wametukanwa. Kisha mwanamke mmoja wa makamo akauliza mbona wavuvi wa kwenye mitumbwi hawaugui, nao hunywa maji yale yale. Mwingine akasema kweli, na mbona mwenye duka, asiyeingia shambani, haugui, wala hajawahi kuchemsha chochote. Ghala likawa kama soko. Daktari Shekuwe alikwenda huku na huku akisikiliza, na Kidawa alimwona kwa mara ya kwanza akiuliza maswali haraka haraka.

Wa upande ule wakaamua kuikinga miguu pia. Walijipaka mafuta ya nazi, wakaizungushia miguu magome ya mgomba mpaka mapajani, wakavaa juu yake mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba, wakawa wanatembea mashambani kama bata. Wa ng'ambo ya pili, waliosimuliwa tu habari za ghalani, waliwacheka sana. Wao walikataa kuamini picha yenye shimo, wakaendelea na ile nzuri.

Mpima Ulaini alipeleka habari, na Kidawa akashtakiwa kwa kuonesha pengo. Lakini sheria ya Usawiri ilitaka kila shtaka lioneshwe mahakamani kwa picha ya kutembea, na kila mchoraji wa serikali aliyeitwa kulichora kosa aligundua kwamba ili aoneshe pengo lililooneshwa, itabidi naye aoneshe pengo. Mmoja alijaribu kulichora likiwa limejazwa maua. Hakimu akasema hiyo siyo hatia. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na mwisho ikawekwa mahali zinapowekwa kesi zisizochorika.

Mavuno yakaja. Huku ng'ambo ya magome ya mgomba walioanguka walikuwa wachache, na karibu wote ni waliokuwa wagonjwa tangu mwanzo. Ng'ambo ya pili vilio vilisikika. Safari hii hakuna aliyecheka. Watu wa pande mbili walivuka wakasaidiana kuvuna na kuzika. Na wakati huohuo Daktari Shekuwe, katika chumba chake cha nyuma, alimtia panya mkia katika maji ya Mwanana, akatazama kwa hadubini, akamwona mnyoo akigusa ngozi, akiuacha mkia wake wa uma nje kama mtu anayevua viatu, akiingia. Alimwita Kidawa atazame. Kidawa alitazama muda mrefu sana. Mwendo ule haukufanana na chochote ambacho angekibuni.

"Sasa tunajua," Daktari akasema. Alikuwa analia, na wala hakujificha.

Baraza nalo likajua, na halikuchelewa. Wachoraji wa serikali wakafanya kazi usiku na mchana, na picha mpya ikatangazwa. Bonde zima likaalikwa mjini kuiona, kwenye ukumbi mkubwa, Mheshimiwa Zari amekaa mbele, Daktari Shekuwe pembeni yake kwa heshima, Kidawa na Bi Mkasi nyuma yao kidogo, katikati ya wakulima. Chausiku alikuja pia. Dawa ilikuwa imemrudisha, lakini si kikamilifu. Alitembea akipumzika, na uchumba wake ulikuwa umevunjwa na upande wa mume, waliosema hawaoi mgonjwa.

Picha ilitiririka kama maji. Mheshimiwa Zari, amechorwa kijana na mwembamba, alisimama ukingoni mwa mto, akaweka mkono kidevuni, akapata wazo. Mara mnyoo akaonekana, ana jicho moja, akaingia katika mguu wa mkulima. Mkulima akavaa viatu virefu. Mnyoo akalia chozi moja la waridi. Wimbo ukaisha. Hakukuwa na ghala, wala weupe, wala magome ya mgomba, wala maiti wa ng'ambo ya pili.

Makofi yakaanza mbele. Kidawa akageuka kumtazama Chausiku, akakuta kiti chake kitupu. Alikuwa amesimama. Ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Samahani," Chausiku akasema. Sauti yake ilikuwa imedhoofu, lakini ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuanzisha. "Alipoingia mguuni. Mmejuaje?"

Makofi yakakatika. Karani akafungua kitabu cha sheria, akapitia kurasa kwa haraka. Kulikuwa na vifungu vya kupiga kelele, vya kutoka kabla ya wimbo kwisha, vya kucheka mahali pasipochekesha. Kifungu cha kuuliza hakikuwapo. Hakikuwahi kuhitajika.

"Ndiyo," akasema Bi Mkasi kwa sauti yake kubwa. "Mmejuaje?"

Na wakulima wakaitikia, kama wanavyoitikia watu waliozoea mmoja aanze na wengine wafuate, safu kwa safu mpaka nyuma kabisa ya ukumbi. Hawakuwa na hasira. Waliuliza tu, wakangoja. Mtu aliyesimamia projekta alichanganyikiwa, akaizima, na kitambaa kikabaki cheupe mbele ya watu wote.

Mheshimiwa Zari alitabasamu kwa watu wa kulia, akatabasamu kwa wa kushoto. Jasho lilimtoka kipajini. Hatimaye akainama pembeni, na Kidawa, aliyekuwa si mbali, akamsikia akinong'ona kwa Daktari Shekuwe, si kwa hila, ila kama mtoto aliyeamka ugenini.

"Kwani tulijuaje?"

Daktari akainuka, akawageukia watu, mwanga wa kile kitambaa kitupu mgongoni kwake, akaanza kuwasimulia tangu siku aliyokuwa hajui kitu.